Kombora la begani halikifukuzi kifaru, linakingoja mbele

Juzi baada ya isha tulikuwa barazani hapa Mji wa Kale, kahawa chungu na kashata kama kawaida, kijana mmoja akatoa simu akaanza kutuonyesha klipu ya vita vya Ukraine. Askari wawili wamejibanza nyuma ya ukuta, mmoja ana kitu kama bomba la maji begani, anachungulia, sekunde mbili tatu hivi, mara paa! kifaru kule mbele kinawaka. Ami mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi akatoa hukumu kwa ile sauti ya kufunga mjadala, "Hiyo yafuata joto. Hata kifaru kikikata kona, nayo yakata." Baraza zima likaitikia. Mimi nikanywa kahawa yangu nikanyamaza, kumbishia mtu mzima mbele za watu si adabu, lakini nimerudi nyumbani jambo lenyewe lanikereketa, manake kila ninayemuuliza ana imani hiyo hiyo na kwa kombora lile la kwenye klipu si kweli hata kidogo. Halifuati joto, halifuati moshi, halifuati chochote. Likishatoka kwenye bomba halijui hata kama kifaru kipo, mpaka lifike juu yake.

Sa hebu tulifungue hili fundo pole pole.

Kombora lenyewe linaitwa NLAW. Limebuniwa na Saab ya Sweden, Waingereza wanaliunganisha Belfast kwenye kiwanda cha Thales, na jeshi la Uingereza limeanza kulitumia 2009. Dunia ilikuja kulijua vizuri Januari 2022 pale Uingereza ilipopeleka kama 2,000 hivi Ukraine, mwezi mmoja tu kabla vita havijafumuka. Uzito wake ni kilo 12 na nusu. Ukitaka kuuonja uzito huo, beba begani mtungi wa gesi ule mdogo wa kilo 6 ukiwa umejaa, manake mtungi nao una uzito wake, ukijumlisha mtafika pale pale. Urefu kama mita moja. Linapiga kuanzia mita 20 mpaka mita 800, na mlango wa Likoni pale feri zinapovukia ni kama nusu kilomita, kwa hivyo ukiwa gatini huku ng'ambo yote unaifikia na bado una akiba.

Mita 800 kwa mambo ya vita ni karibu sana. Hapo ndo swali la kwanza linapoanzia, kwa nini mtu atengeneze kombora la karibu wakati Wamarekani wana lao linaitwa Javelin linafika kilomita 2 na nusu? Wengi hudhani la karibu ni la wanyonge, kwamba ni la mbali lililopunguzwa bei. Bei ni kweli iko chini, lakini si hivo tu. Mtu wa miguu akiwa mjini au msituni hakioni kifaru kikiwa kilomita mbili, anakiona kimeshatokea kwenye kona, mita 150, mita 200. Hapa Mji wa Kale hata hiyo 150 huipati, ukifika mita 30 kuna ukuta wa mtu. Na makombora mengi ya mbali yana kasoro ambayo haisemwi sana, nayo ni kwamba hayawezi kupiga karibu. Malyutka ya Wasovieti kwa mfano ilihitaji kama mita 500 ndo iweze kushikwa na kuelekezwa, chini ya hapo yajiendea yenyewe. Wamisri walipovuka mfereji wa Suez Oktoba 1973 walilijua hilo, wakabeba Malyutka kwa ajili ya vifaru vya mbali na RPG-7, roketi ya begani isiyoongozwa, kwa vile vilivyokwisha kuwafikia. Ni kazi mbili tofauti. Ya karibu ina taabu zake, na taabu hizo ni tatu: kutoboa, kulenga, na wewe mwenyewe kubaki mzima baada ya kufyatua.

Lakini kwanza kifaru.

Wa umri wangu mnaikumbuka MV Faina. Septemba 2008 ilikuwa yaja Mombasa kutoka Ukraine ikatekwa na maharamia wa Kisomali, ndani ina vifaru 33 vya aina ya T-72 na RPG na mizinga ya kutungulia ndege, wakaikalia miezi minne na zaidi hadi Februari 2009 ilipoachiwa kwa fidia iliyotajwa kuwa dola milioni 3.2, zilizodondoshwa kwa ndege. Serikali ikasema mzigo ni wa jeshi letu, wengine wakasema ni wa Sudan Kusini, maneno yakawa mengi wee. Siku inaingia Kilindini mimi nilikuwa upande wa Likoni nangoja feri, na mnajua feri zikisimama kupisha meli watu wanavyolalamika, siku ile hakulalamika mtu, shingo zote zimenyooka. Na hakuna cha maana tulichokiona. Meli tu kama meli, vifaru viko tumboni.

Kimoja katika vile kina uzito wa tani 40 na ushei. Ukisikia tani 40 unadhani ni chuma kinene kila upande, la hasha. Uso wa mbele ndo mnene haswa, tena si chuma kitupu, ni tabaka juu ya tabaka. Ubavuni pamepungua. Nyuma kwenye injini pamepungua zaidi. Na juu, kwenye paa, ni sentimita chache tu. Ni hesabu ya kawaida, ukikivisha deraya ile ya mbele kila mahali hakitatembea, kitazama kwenye matope kama nguruwe, kwa hivyo waundaji tangu vifaru vianze (vita vya Somme kule Ufaransa, 15 Septemba 1916) wanaweka unene pale adui anapotarajiwa, yaani mbele, kwa sababu adui wao mkubwa kwa miaka mingi alikuwa kifaru mwenzake. Angani hakutarajiwa mtu. T-72 ina jambo lake jengine pia, mabomu ya mzinga wake 22 yamepangwa mduara sakafuni chini ya askari, mashine inayachota yenyewe. Ni akili nzuri, inaokoa nafasi na wafanyakazi wanakuwa watatu badala ya wanne, ila moto ukiingia pale chini ndo zile picha mnazoziona za kichwa cha kifaru kimeruka kikaanguka mbali na mwili.

Haya, kutoboa. Jaza ndoo maji uani, ngoja yatulie, halafu dondosha kokoto na uangalie kwa makini. Kokoto likiingia maji yanafunguka shimo, shimo likijifunga kuta zake zinagongana katikati, na maji yaliyogongana hayana pa kwenda isipokuwa juu, ndo unaona kijiti cha maji chembamba kinachupa juu kuliko ulivyotegemea, pengine kikurukie usoni. Sasa chukua wazo hilo hilo uliweke kwenye baruti. Ndani ya kichwa cha kombora baruti imechongwa shimo mfano wa faneli, mdomo mpana ukiangalia kunakopigwa, na faneli imevishwa bati jembamba, mara nyingi la shaba. Baruti inalipuliwa kwa nyuma. Shaba inabanwa kutoka pande zote kwa mpigo mmoja, inagongana katikati, na inachupa mbele ikiwa uzi mwembamba ambao ncha yake yenda kama kilomita 8 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka hapa Mombasa ukafika Nairobi kwa dakika moja.

Hapa kuna uongo mwengine umeenea, kwamba shaba inayeyuka ikaunguza chuma kama welda anavyokata geti. Hapana. Shaba ile haijayeyuka, ingali ngumu ila inatiririka kwa sababu ya presha, na deraya nayo kwa presha ile inasukumika pembeni kama tope. Tundu linalobaki ni dogo, kidole kinaenea. Kinachoua ndani ni vile vipande vinavyoingia na uzi huo, na mabomu yenyewe ya kifaru yakishika moto.

Jambo hili liligunduliwa kama mchezo. 1888 mkemia wa Kimarekani, Charles Munroe, alikuwa analipua baruti juu ya mabamba ya chuma akaona herufi zilizochorwa kwa kubonyezwa kwenye donge la baruti zimejichora zenyewe kwenye chuma, pale palipokuwa na bonde kwenye baruti ndipo chuma kilipochimbika zaidi. Ajabu, baruti imepungua lakini shimo limezidi. Ilichukua nusu karne mpaka Vita vya Pili ndo ikawa silaha ya mtu wa miguu, Wamarekani na bazooka yao 1942, Wajerumani na Panzerfaust 1943.

Sasa shikeni hapa kwa sababu ndo kitovu cha yote. Risasi ya mzinga inatoboa kwa mbio zake, kwa hivyo inahitaji mzinga mkubwa wa kuirusha. Faneli ya shaba haijali kombora limefika mbio au pole pole, mbio anazitengeneza mwenyewe pale pale mlangoni. Ndo maana mtu mmoja na mguu wake anaweza kubeba kitu cha kutoboa tani 40. Inachotaka faneli ni upana, ikiwa pana zaidi inachimba zaidi. Kichwa cha kwanza cha RPG-7 mwaka 1961 kilikuwa milimita 85, mwili wa kombora la NLAW ni 150.

Wenye vifaru nao hawakulala. Israel ilipoingia Lebanon 1982 vifaru vyake vilikuwa vimevishwa visanduku vya baruti kwa nje, uzi wa shaba ukigusa sanduku lalipuka na kuukata kabla haujazama. Wenye makombora wakajibu kwa kuweka faneli mbili, ya mbele ndogo inalipua sanduku na ya nyuma inapita. Mashindano hayo ya paka na panya yangali yanaendelea. Lakini wapo waliosema kwani lazima tupite mlango wa mbele? Wasweden walitoa kombora linaitwa BILL, likaingia kazini 1988, linalopita juu ya kifaru na faneli yake imeinamishwa kuangalia chini. NLAW imerithi akili hiyo. Inaruka kama mita moja juu ya pale ulipolenga, ina sensa ya sumaku na nyengine ya kuona, ikihisi lile pande la chuma chini yake yajifyatua kuelekea paani, kule kwenye sentimita chache. Ukilenga gari la kawaida au dirisha la nyumba unageuza swichi, laenda moja kwa moja.

Kulenga sasa, na hapa ndo nataka ami anisikilize.

Umbali ni wakati. Kadiri kombora linavyokaa hewani ndo kifaru kinavyopata nafasi ya kufanya mambo yake, na kila silaha ya aina hii ni jibu tofauti kwa swali hilo moja. RPG-7 jibu lake ni kwamba mlengaji ajitegemee, akadirie umbali kwa jicho, akadirie mwendo wa kifaru, akadirie upepo, afyatue na amuombe Mungu. Na upepo wa RPG una vituko. Upepo ukitoka kushoto wewe ungesema roketi itasukumwa kulia, sivyo, inageukia kushoto! Watu wa bahari watalielewa hili haraka. Jahazi likitia nanga upepo hulizungusha omo likauelekea upepo wenyewe, na roketi vile vile, mapezi yako nyuma, upepo unasukuma mkia, pua inageukia kunakotoka upepo na injini bado inasukuma, basi yajiendea huko. Kwa kifaru kinachotembea ukipita mita 200 hivi umeshaingia kwenye bahati nasibu.

Jibu la pili ni waya. Kombora linaondoka likiburura uzi mwembamba nyuma yake, wewe kazi yako ni kuweka alama ya darubini juu ya kifaru na kuibakisha pale pale, kifaa kinaona taa iliyoko mkiani mwa kombora kinalirudisha njiani kupitia waya. Wamarekani miaka ya 70 walikuwa na Dragon, mita 1,000, na hiyo ilikuwa na vijiroketi vidogo 60 ubavuni ikigeuzwa kwa kupasuliwa viwili viwili, po po po mpaka inafika. Taabu yake ni kwamba kombora likitoka tu bega lako linapoteza uzito ghafla, bega linanyanyuka bila wewe kutaka, darubini inapanda, na hapo mambo yashaharibika. Na ilichukua kama sekunde 11 kufika mwisho. Sekunde 11 umekaa wazi usipepese jicho, mwenzako amekwisha kuona moshi wako anakugeuzia bunduki. Waisraeli 1973 walijifunza hivyo kwa Malyutka, wakiona kombora linakuja wanamimina risasi kule lilikotoka, si lazima zimpate mtu, zikimshtua tu mkono ukatetemeka imetosha.

Wafaransa wakajibu na Eryx, hiyo ndo hasa ya karibu, mita 50 mpaka 600, ya waya vile vile, wakaitengeneza na Wakanada. Hoja yao ilikuwa tuache kugombania mbali. Mita 600 ni sekunde 4 na kidogo, mtu anaweza kujizuia kutetemeka sekunde 4. Mimi binafsi naona walikuwa na akili kuliko walivyopewa sifa.

NLAW haina waya. Na haina jicho la kukifuata kifaru. Yafanyaje?

Mshaona makanga wa matatu amening'inia mlangoni, gari imeanza kutembea na kuna mama amesahau kikapu chake stendi? Kijana akikirusha kikapu hakirushi pale makanga alipo. Akikirusha pale kitaanguka lami. Anaangalia gari mara moja, akili inapiga hesabu bila kumwambia, anarusha mbele, na makanga anafika pale pamoja na kikapu. Kijana yule hajui gari yenda kilomita ngapi kwa saa wala hajapima umbali, ameangalia tu shingo yake inageuka kwa kasi gani. NLAW ni hivo hivo. Askari anaweka alama kwenye kifaru, anawasha, anakisindikiza kwa darubini sekunde mbili au tatu, na muda huo kompyuta ndani ya bomba inapima bomba linageuka kwa kasi gani. Hicho tu. Akifyatua, kombora limeshaambiwa njia yote ya kupita na linajiendesha lenyewe kuifuata. Askari anaweza kutupa bomba akakimbia. Kombora linaenda pale kifaru kitakapokuwa, ikiwa kifaru kitaendelea na hamsini zake.

Ikiwa. Neno hilo ndo linabeba silaha nzima. Daraja la Nyali lina urefu wa karibu mita 400, NLAW kwa mwendo wake wa kama mita 200 kwa sekunde inalimaliza kwa sekunde mbili hivi. Kifaru kinachotembea kilomita 36 kwa saa katika sekunde mbili kimesogea mita 20, na dereva wa tani 40 hata akipiga breki sekunde ile ile aliyosikia mlio, ataishia wapi? Ubashiri unafaa. Lakini uupeleke kilomita 2 na nusu, hizo ni sekunde 12 na zaidi, kifaru kimeshasimama, kimeshageuka, dereva ameshaingia nyuma ya nyumba ya mtu. Ubashiri wa sekunde 12 ni ramli. Kwa hivyo hila hii haingewezekana kwenye kombora la mbali, ufupi wa safari ndo unaoifanya ikubali. Nani alisema la karibu ni la mbali lililokatwa mkia?

Na ami hakukosea yote, lazima nimtendee haki. Javelin ndo inayoona joto. Hiyo ina kamera ya joto puani, askari anaifungia picha ya kifaru, ikifyatuliwa inapanda juu kama mita 150 kisha inashuka paani, na njia yote inakiangalia kifaru, kikikata kona nayo yakata kweli. Ila hata hiyo haikimbilii joto kama nzi na kinyesi, inalinganisha picha. Gharama yake ni kwamba ukijumlisha kombora na kile kifaa cha kuangalizia umefika kama kilo 22, kamera inahitaji kupozwa kwanza ndo ione, na kombora moja ni la bei ghali sana. Kifaru kikiwa kimetokea kwenye kona mita 100 huna wakati wa kupoza kamera.

La tatu, kubaki mzima. Bomba hizi ziko wazi mbele na nyuma, si kama bunduki. Zingekuwa zimezibwa nyuma, teke lake lingemvunja mtu bega, kwa hivyo moto unaachiwa utoke kinyumenyume. Uwanjani hakuna neno, mradi hakuna mwenzako nyuma. Lakini ingia chumbani na RPG ufyatue dirishani, moto na vumbi na presha vinagonga ukuta wa nyuma vinakurudia. Na vita vya karibu viko majumbani! Silaha ya mjini isiyoweza kufyatuliwa ndani ya nyumba ni mzaha. Kuna waliotatua kwa maji, AT4 ya Wasweden ina toleo ambalo nyuma limejazwa maji ya chumvi, likifyatuliwa maji ndo yanatupwa nyuma badala ya moto, yanapunguza mbio. (Maji ya chumvi, yakhe. Sisi tunayo bure.) Eryx na NLAW zimefanya jengine, zinatemwa kwanza. Kishindo kidogo kinalisukuma kombora litoke taratibu, Eryx ilikuwa inatoka mita 18 tu kwa sekunde, likishakuwa mbali na uso wako ndo injini kubwa inawaka. Angalieni tena ile klipu, mtaona kombora linachomoka kama linasita, halafu ghafla linaondoka.

Kasoro zipo. Askari akiwa na papara asikisindikize kifaru vizuri, kompyuta inabashiri ujinga wake. Kifaru kikibadili mwendo wakati huo huo, limepita. Na ni la mara moja tu, darubini, kompyuta, betri vyote vimo kwenye bomba na ukishafyatua ni takataka, tofauti na Javelin ambayo kile kifaa cha kuangalizia unabaki nacho. Wenye vifaru nao wameweka vizimba vya nondo juu ya paa, vingine unavicheka kama banda la kuku, na wenye pesa wana mitambo kama Trophy ya Israel inayolipiga kombora likiwa bado hewani. Dawa ya zamani kuliko zote ni kutembeza kifaru pamoja na askari wa miguu, waangalie madirisha na vichaka, manake mwenye bomba lazima awe mita mia chache na mtu wa miguu anamuona. Vifaru vingi tulivyoviona vikiungua mwanzo wa vita vile vilikuwa vimepangana barabarani peke yake. Siku hizi droni ndogo zenye kamera zimechukua sehemu kubwa ya kazi hii, hiyo ni hadithi ndefu ya peke yake.

Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. 1987 Chad waliwatimua Walibya wenye vifaru vingi kwa pikapu za Toyota zilizobeba makombora ya MILAN ya waya, wakikimbia jangwani kwa mbio hata mizinga ya vifaru haiwahi kugeuka, Fada mwezi Januari na Ouadi Doum mwezi Machi, mpaka vita vyenyewe vikaitwa vya Toyota.

Jana nikarudi barazani. Nikangoja watu wapungue, nikamkalia ami karibu, sahani ya kashata nikaifanya kifaru, kokwa ya tende ndo kombora, nikamsukumia sahani pole pole huku namuonyesha kokwa inatangulia mbele yake. Akatazama. Akanifanya nirudie mara mbili, mara ya pili akaisimamisha sahani katikati ya njia kwa kidole na kokwa ikapita ikaanguka chini.

"Sasa hapo je?" akaniuliza.

"Hapo imekosa, ami."

"Na huyo askari ana jengine?"

"Hana. Ni la mara moja, anatupa anakimbia."

Akaokota kokwa akaipangusa. "Basi kabla ya kulenga wafunzwe mbio," akasema, akamwambia muuza kahawa aniongeze kikombe.